Kuingia Si Kufaa: Plagi Nne za Gari la Marehemu Baba

Miongoni mwa alivyotuachia marehemu Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, ni deni moja na gari moja. Deni lilikuwa shilingi 180,000, nalo aliliandika kwa mkono wake katika daftari la hesabu, pamoja na jina la rafiki aliyemkopesha mwaka ule Mama alipofanyiwa upasuaji. Gari lilikuwa Volkswagen ya mwaka 1969, ya rangi ya maziwa, ambayo watoto wa mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, waliiita kobe kwa umbo lake.

Msomaji anaujua utaratibu wetu. Marehemu huzikwa, hulipiwa deni lake, wasia wake hutekelezwa, ndipo mirathi igawanywe. Kabla ya Mama kupewa thumuni yake, na kabla ya sisi watoto watatu kuulizana mafungu, lilikuwepo lile daftari. Akiba ya kulilipa deni hatukuwa nayo. Tulikuwa na kobe.

Alipatikana mnunuzi wa Kilifi, mtu apendaye magari ya zamani. Alilizunguka gari, akalipapasa, akalala chini na kulichungulia uvunguni, kisha akatoa bei mbili. Likienda kwa injini yake lenyewe hadi mlangoni kwake, angetoa shilingi 250,000. Likihitaji kuvutwa, angetoa 90,000 na si zaidi. Akatupa muda hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Baina ya bei hizo mbili ndimo lilimokuwa deni la Baba. Na gari halikuwaka.

Kitu cha urefu wa kidole

Lilikuwa limelala miezi minane, tangu Baba aliposhikwa na maradhi. Tulimwita fundi wake wa siku zote, mzee wa Majengo ambaye ameyashika magari ya aina hii tangu ujana wake. Aliimwaga petroli iliyokaa ikaharibika, akaichaji betri, akazisugua pointi za distribyuta. Mwishowe akachomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti, kila moja mahali pa silinda yake. Tatu zilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Ya nne, kauri yake ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Plagi ni kitu cha urefu wa kidole, lakini bila hiyo gari la petroli ni sanduku la chuma. Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Plagi hurusha cheche kati ya ncha zake mbili, mchanganyiko huripuka, na pistoni husukumwa. Akina mama tunaijua kazi hiyo jikoni. Ni ile ya kiwashio cha jiko la gesi, kinachobonyezwa kikatoa cheche, ila plagi ya gari lililo mbioni huifanya zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Na kama vile daktari autazamavyo ulimi wa mgonjwa, fundi huitazama ncha ya plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, petroli ni nyingi mno au joto halitoshi. Ikiwa nyeupe kama mfupa, joto limezidi, na hatari ipo karibu.

Mzee alinikabidhi moja kati ya zile nne, iliyofungwa katika kitambaa. “Mwanangu,” aliniambia, “usiniletee plagi ya kuingia. Niletee plagi ya kufaa.” Sikuyaelewa maneno hayo siku ile. Niliyachukua kama namna ya wazee ya kusema.

Nilidhani kazi ni rahisi, kwani gari hili halikuwa nadra duniani. Lilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1938, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi wa Julai 2003, yakiwa yamekwisha kuundwa zaidi ya milioni 21. Hapa kwetu Afrika Mashariki lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, katika zama ambazo barabara nyingi zilikuwa vumbi na matope. Halina rejeta wala maji. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa upepo wa feni. Gari la watu wengi namna hii halikosi vipuri, nilijiambia. Sikukosea kuhusu ulimwengu. Nilikosea kuhusu maduka ya Mombasa, ambayo huweka rafuni vipuri vya magari yapitayo mlangoni mwake leo, na yapitayo mlangoni ni Toyota na Nissan.

Mwembe Tayari

Jumatatu asubuhi nilishuka Mwembe Tayari pamoja na mdogo wangu wa kiume, mimi na buibui langu na yeye na haraka zake. Katika duka la kwanza kijana wa kaunta aliitazama plagi yetu kuukuu kwa nukta moja, akaingia nyuma, akarudi na vijisanduku vinne. “Mama, hizi zitaingia tu,” alisema. Mdogo wangu alikwisha kutia mkono mfukoni. Nilimshika mkono, si kwa ujuzi, bali kwa kuwa neno “zitaingia” lilinikumbusha lile la mzee.

Maduka matatu yaliyofuata hayakuwa nazo. Katika la tano tulimkuta mzee mwenye kofia ya vito, ameketi nyuma ya kaunta akisoma gazeti. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea plagi kwa mikono miwili. Aliifuta kwa kidole gumba mpaka herufi zikaonekana: B6HS. Akatoa yake moja mpya, akazisimamisha zote mbili juu ya kioo cha kaunta.

“Tazama, binti yangu. Unene ni mmoja, milimita 14. Sipana ni moja. Ukiwa na haraka, utasema ni ndugu. Sasa tazama sehemu yenye hesi.” Niliona. Ya Baba ilikuwa na hesi fupi. Ile nyingine hesi yake ilikuwa ndefu kwa karibu nusu tena.

Akanifundisha kusoma maandishi ya plagi za kampuni hiyo ya Kijapani, NGK, kama mwalimu wa chuo amfundishavyo mtoto alifu na bee. Herufi ya kwanza, B, ni unene wa milimita 14. Namba ni daraja la joto: kwa NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani hulitoa joto upesi kwenye ncha yake, ikishuka, plagi hulihifadhi joto. Kwa Bosch ya Kijerumani hesabu hugeuka, na namba ndogo ndiyo ya baridi. Herufi inayofuata namba, katika NGK, ndiyo yenye siri. H ni hesi ya milimita 12.7. E ni hesi ya milimita 19.

“Ukitia E penye nyumba ya H, itaingia mpaka mwisho, na moyo wako utatulia,” alisema. “Lakini milimita sita zitakuwa zimechungulia ndani ya silinda. Pistoni ikipanda, huenda ikaigonga. Isipoigonga, zile hesi zilizo wazi zitashika moto na masizi, na siku ya kuichomoa utatoka nayo pamoja na hesi za silinda hedi. Silinda hedi ya gari hili ni ya madini laini. Haivumilii ubabe.”

Alituonyesha pia namna ya kuijua ya bandia. Ya asili huwa na maandishi yasiyofutika kwa kucha, ncha zake zimenyooka na kukabiliana sawasawa, na ile pete ya chini haianguki ovyo ukiigeuza. Kisha akatuambia ukweli wake: B6HS hakuwa nayo. Angeweza kuagiza Nairobi, lakini si kwa ahadi ya kabla ya Jumamosi. Hakututaka kununua chochote. Tulipoondoka alirejea kwenye gazeti lake.

Sitaficha kilichofuata, maana ndicho kilichonisukuma kuandika. Jumanne, nikiwa ndani na Mama, mdogo wangu alirudi duka la kwanza akanunua zile zilizosemwa kuwa zitaingia tu. Hakutaka kumsumbua mzee wa Majengo. Alimchukua fundi wa kando ya barabara, na kazi ikaanzia silinda namba tatu. Namba tatu iko upande wa kushoto, ndani kabisa, chini ya kipozea oili, mahali ambapo mkono haufiki vizuri na jicho halifiki kabisa. Plagi ilianza upande. Fundi akakaza kwa sipana. Ilipokataa, akakaza zaidi. Ilipotolewa, hesi zake zilikuwa zimejaa unga wa fedha uliong'aa. Unga ule ulikuwa hesi za silinda hedi.

Mzee wa Majengo alipokuja jioni, hakumgombeza mtu. Aliupaka unga ule kwenye kidole chake, akautazama, akasema, “Hii nitaitilia hesi mpya ya chuma. Itashika. Lakini haitakuwa tena kama alivyoiacha baba yenu.” Mdogo wangu aliinama. Zilibaki siku nne.

Safari ya Amu

Kulikuwa na jambo jingine lisilongoja. Sahihi za warithi wote zilihitajika ili gari liuzwe, na dada yetu mkubwa ameolewa Lamu. Mama alikuwa ndani ya eda, hawezi kusafiri. Dada alikuwa ndani ya arubaini, na mtoto wake hajatimiza siku ishirini. Basi Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, mimi na mdogo wangu tulipanda basi la Lamu na karatasi ndani ya bahasha. Ile plagi kuukuu nilikuwa nayo mkobani, ndani ya kitambaa chake, bila kujua kwa nini sikuiacha nyumbani.

Ni njia ninayoipenda. Ukivuka daraja la Nyali na kuiacha Mtwapa nyuma, mashamba ya katani ya Vipingo hujipanga pande zote mbili kama saffu za msikitini. Hori la Kilifi huonekana kwa chini, samawati na tulivu, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke huifunika barabara hadi karibu na Gede, mji uliohamwa na watu wake, ukaachia miti misikiti na visima vyake. Baada ya Malindi huvukwa mto Sabaki, na nchi hubadilika: miti hupungua, anga hupanuka, na ng'ombe huwa wengi kuliko watu. Garsen kuna mto Tana na maembe ya Wapokomo. Witu, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa na sultani wake, leo hupitwa na abiria wengi wakiwa wamelala. Kwenye vizuizi vya polisi tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena.

Njia nzima mdogo wangu hakunena sana. Karibu na Witu aliniuliza, “Dada, hivi deni la Baba lisipolipwa itakuwaje?” Nilimjibu tulivyofundishwa madrasa, kwamba deni humfuata mtu hata kaburini mpaka alipiwe au asamehewe. Alitazama dirishani mpaka tukafika Mokowe.

Katikati ya mkondo

Mokowe ndipo barabara inapokoma. Tulivalishwa maboya, tukakaa kwenye boti pamoja na magunia ya viazi, mama mmoja na kuku wake, na wanafunzi wawili. Nahodha alikuwa kijana mwembamba. Tulipofika katikati ya mkondo, mikoko ikiwa upande mmoja na mji wa Amu umeanza kujitokeza mbele, mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Nahodha alikifunua kifuniko cha mashine, akatoa sipana mfukoni, akachomoa plagi. Aliikung'uta, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaipuliza. Ilikuwa nyeusi na yenye mafuta, kwani mashine ndogo za boti za aina ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na plagi zake huchafuka upesi. Aliiinua kwenye mwanga wa jua aikague. Nami nikaiona hesi yake. Ilikuwa fupi.

“Mwanangu,” nilimwambia nahodha, “naomba niitazame hiyo kidogo.”

Alinitazama kwa mshangao, akanipa. Nilikitoa kitambaa mkobani, nikazishika zote mbili pamoja, yake kulia, ya Baba kushoto. Zilikuwa sawa kimo, sawa unene, sawa pete. Niliifuta kauri yake kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa kaunta ya Mwembe Tayari. Ilisomeka B7HS.

H. Mdogo wangu aliisoma kwa sauti, akaisoma tena. Nahodha aliingoja plagi yake kwa adabu, akairudisha mahali pake, akavuta kamba, mashine ikanguruma. Abiria wengine hawakujua kwa nini ndugu wawili walikuwa wakicheka huku wanafuta macho.

Amu ni mji ambao vichochoro vyake haviruhusu gari. Punda ndiye mchukuzi wa mchanga, saruji na mizigo ya sokoni, na kati ya nyumba za mawe zenye milango ya nakshi watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Katika mji huo ndimo nilimopata plagi za gari, duka la tatu kutoka gatini, kati ya makasia, nyavu na makopo ya rangi ya mashua. Mwenye duka alikuwa nazo sanduku zima. “Za mashine gani, bibiye?” aliuliza. Nilipomwambia ni za Volkswagen, aliita mkewe aje asikie.

Nilimpigia simu mzee wa Majengo na kumsomea maandishi herufi kwa herufi. Alinyamaza kidogo. “Urefu ni wenyewe,” alisema. “Namba ni ya baridi kwa daraja moja. Kwa mwendo wa barabara kuu hadi Kilifi zitafanya kazi vizuri. Kwa kuzungukazunguka mjini polepole zitashika masizi kabla ya wakati. Zichukue. Lakini jua unachochukua.” Alikuwa amenipa jawabu, na pamoja nalo mzigo ambao sikuuona mpaka Jumamosi.

Usiku ule tulilala kwa dada. Alitia sahihi akiwa amempakata mtoto. Kabla hatujaondoka alfajiri aliniuliza kama gari bado lina ile harufu, harufu ya petroli, ngozi kuukuu na ubani wa Baba. Nilimwambia bado.

Silinda namba tatu

Ijumaa, baada ya sala, mzee alikuwa amekwisha kuitia hesi mpya ya chuma. Kifaa cha kukatia hesi alikipaka grisi ili unga wa chuma ushikwe usiangukie ndani. Alichukua filageji akazipima plagi zetu moja moja, akaziweka pengo la milimita 0.7. Kisha akaliomba sanduku la zana la Baba. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mpira wa petroli, urefu wa shubiri moja, ambacho mimi na Mama tulikwisha kukitenga pamoja na takataka.

“Hii ndiyo sipana ya kwanza ya baba yenu,” alisema. Aliichomeka plagi kwenye ncha ya mpira na kunikabidhi mimi, kwa sababu mkono wangu ni mdogo kuliko yao. “Izungushe kwa vidole. Ikikaa sawa, itaenda yenyewe. Ikianza upande, mpira utateleza mkononi mwako, nawe uache. Sipana ya chuma haijui kuacha.”

Nilipeleka mkono ndani, mahali nisipopaona. Mara ya kwanza mpira uliteleza. Nilitoa, nikatulia, nikasema bismillahi, nikaanza upya. Mara ya pili ilikamata, ikazunguka laini hadi mwisho. Ndipo mzee akaikaza kwa sipana, karibu nusu mzunguko, akaacha. Alihakikisha kila waya umerudi mahali pake, kwani mfuatano wa cheche wa gari hili ni 1, 4, 3, 2, na kwamba raba za waya zimeziba vizuri matundu ya bati, maana upepo wa feni ukivujia hapo injini hukosa kupozwa. Mdogo wangu alikaa kwenye usukani. Kobe alikohoa, akatoa moshi, akawaka. Mama alikuwa nyuma ya dirisha la juu. Tulimsikia akimhimidi Mungu.

Bei ya ukweli

Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka kwenda Kilifi, mabishano yalizuka sebuleni. Nilisema ni lazima mnunuzi aambiwe mambo mawili: kwamba namba tatu imetiliwa hesi mpya, na kwamba plagi ni za mashine ya boti. Mdogo wangu alisema gari linawaka, ahadi ilikuwa liwake, na mtu hajibiwi asiloliuliza. Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyeogopa kwamba kosa lake la Jumanne lingemla baba yake deni.

Mama alizungumza akiwa chumbani. “Baba yenu aliliandika deni lake ili lisifichike. Nanyi mwalilipa kwa kuficha?”

Hakuna aliyejibu. Mdogo wangu alichukua ufunguo, na safari hiyo ya maili thelathini na kitu tulikwenda kimya, injini ikiimba nyuma yetu kwa ile sauti yake ya cherehani. Gari halikukohoa hata mara moja.

Mlangoni kwa mnunuzi, ni yeye mdogo wangu aliyesema, si mimi. Alieleza alivyonunua plagi zisizofaa, alivyomwachia fundi azikaze, na namna mzee alivyotengeneza. Nikaeleza habari ya plagi za Amu na daraja lake la joto. Mnunuzi alisikiliza mpaka mwisho. Aliinama, akatia mkono kwenye namba tatu, akapapasa. Akapunguza shilingi 20,000. Hatukubishana, kwani ilikuwa haki yake. Alitulipa 230,000, na siku hiyohiyo kabla ya magharibi deni la Baba lilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Mzee yule alihesabu, akakunja karatasi, akaomba dua ndefu kuliko tulivyotarajia. Lililobaki liligawanywa kama lipasavyo. Thumuni ya Mama katika pesa za gari ilikuwa shilingi 6,250.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako pia kuna gari la mzee, au jenereta, au mashine ya boti iliyonyamaza. Kabla ya kutoka kwenda dukani, chukua ile kuukuu na uende nayo mkononi. Pima urefu wa hesi kabla ya kupima bei, kisha soma herufi zote, si ya kwanza peke yake. Akikwambia muuzaji kwamba itaingia tu, mwulize kama itafaa. Na ukiwa wewe ni mwanamke, usione haya kusimama kwenye kaunta ya vipuri na kuuliza. Niliyoyapata mimi niliyapata kwa kuuliza, kaunta ya Mwembe Tayari na ndani ya boti ya Mokowe.

Mnunuzi alitupigia simu wiki tatu baadaye. Alikuwa ameagiza B6HS kutoka Nairobi, nazo zimekuja kwa basi. Alitaka kujua jambo moja tu: ule mpira wa Baba ulikuwa wa unene gani, maana namba tatu imekataa kwa sipana naye hakutaka kuilazimisha. Mdogo wangu aliupeleka mwenyewe Kilifi.

Mola amghufirie Baba, na atulipie sote madeni yetu, tuliyoyaandika na tusiyoyaandika. Amin.